Gari Limeuzwa, Ufunguo Umebaki

Marehemu mume wangu aliniachia watoto sita, shamba la mihogo na gari la Kiingereza la miaka ya hamsini, milango minne, lisilotembea. Kuku walitagia kiti cha nyuma miaka mingi. Sikuwa na neno, mayai nilikuwa naokota.

Mwanangu wa pili, fundi magari hapa Mkolani, akaona kuku wanafaidi kuliko yeye. Akalifungua lote, akanyoosha bodi, akashona viti upya, akapaka rangi ya kijani. Siku lilipowaka, jirani alitoka nje na sabuni usoni. Nikamwambia mwanangu uza, mimi nataka ng'ombe wa maziwa.

Mnunuzi akaja kutoka Dar, mtu mzima, anataka gari la kubebea maharusi. Akanipa shikamoo vizuri, akalizunguka, akapiga honi mara tatu kama mtoto. Wakapatana bei, wakaandikishana. Akanyoosha mkono.

"Bibi, naomba ufunguo."

"Umenunua gari. Ufunguo sikuuza."

Akamtazama mwanangu. Mwanangu akatazama viatu.

Sisi ni wafugaji tangu kwa babu zetu. Ng'ombe akiuzwa, kamba inabaki nyumbani. Ukiitoa, umetoa baraka ya zizi zima. Nilimweleza polepole, maana watu wa Dar wanamjua ng'ombe akishafika buchani.

"Mama, gari si ng'ombe," mwanangu akasema.

"Linakunywa, linaunguruma, linachafua uwanja. Nieleze tofauti."

"Sasa bibi, nitaliendeshaje?"

"Anayenunua ng'ombe huja na kamba yake."

Mnunuzi akasema basi, anaghairi. Moyo ulinishuka, maana ng'ombe wangu nilishamwona amesimama pale gari lilipo. Lakini ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kitenge, na fundo sikulifungua.

Mwanangu ndiye aliyepata akili. Tukaenda na gari lenyewe hadi Kirumba kwa mchonga funguo. Yeye akaendesha, mimi mbele kuulinda ufunguo wangu, mnunuzi nyuma, mahali pa kuku. Ukachongwa mwingine, akapewa, akaondoka nalo anacheka peke yake. Wa zamani nikautundika msumarini.

Wiki iliyofuata tukaenda mnadani Kisesa. Nikachagua ng'ombe mwekundu, kiwele kizuri, nikalipa. Mzee aliyeniuzia akafungua kamba shingoni, akaikunja, akaibana kwapani.

Nilikuwa nimebeba mwavuli, maji na andazi. Kamba sikubeba.

"Mzee wangu, niazime hata ya kumfikisha barabarani."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mama, kwani wewe si mtu wa huku?"

Nikavua kitenge changu cha juu, nikamfunga ng'ombe shingoni, tukaanza safari. Mwanangu alikuwa amegeukia upande wa pili, mabega yanamtikisika.