Kinyaa cha Mjaka Mgema

Mgema mwenye kinyaa mmewahi kumuona? Sisi Vitongoji tulikuwa naye, Mjaka. Hanywi maji kwa kata ya mtu mwengine, na akiona unywele mmoja kwenye mchuzi, siku ile halali na njaa tu, hulala na hasira pia. Asubuhi na alasiri akipanda minazi yake sita, akachonga ncha ya karara la maua kwa kotama, kisu cha mgema, akabadili kibuyu kinachokinga tembo. Kila kibuyu kikioshwa kwa maji ya moto, kikafungwa mdomo kwa kilifu, ule wavu wa mnazi wenyewe, asiingie mdudu. Tembo likiteremka bado tamu, halijachacha, likapikwa siku ile ile likawa asali. Bi Radhiya wa Madungu, mjini Chake Chake, hakula vibibi, vile vikate vya mchele vya Ramadhani, kwa asali nyengine.

Basi Ramadhani ya mwaka wa hamsini na nane, goti likamvimba. Akapanda shemegi yake, Nyange, siku mbili. Asali ikatoka nyekundu, nzito. Mjaka mwenyewe kafuturia, karamba vidole. "Nyange, leo umenishinda!" Mtungi ukapelekwa kwa Bi Radhiya.

Siku ya tatu goti likapungua kidogo, akapanda mwenyewe. Kilifu hakuna. Ndani ya kibuyu kuna popo kavimba, manyoya yanamnyonyoka, mavi yake yanaelea ubavuni.

"Nyange! Na vile vibuyu vya mwanzo?"

"Kimoja kilikuwa na popo pia, nikamtoa. Usihofu, nilichuja."

"Ulichuja kwa kitu gani?"

"Kwa kikoi."

"Kikoi gani?"

"Si hiki nilichovaa?"

Mjaka akatapika pale pale shinani.

"Saumu haijakutoka, shemegi," Nyange akamliwaza. "Hukukusudia."

Angenyamaza, Bi Radhiya angeendelea kununua. Lakini akaliburura goti lake hadi Madungu, akamkuta anamimina asali kwenye vibibi, magharibi inakaribia.

"Bi Radhiya, msile! Najisi hiyo." Akamweleza yote, hata kikoi.

"Na niliyokula jana?"

"Hata mie nilikula, bibi."

"Toka, Mjaka! Toka nisikutapikie!" Mtungi ukavunjiwa uani.

Mwezi wa Shaaban uliofuata, Bi Radhiya akamwita. "Uliniambia kweli, ndiyo maana nimekwita. Niletee tembo nipike mwenyewe. Ila kikombe cha mwanzo unywe wewe, mbele yangu."

Mjaka akaosha vibuyu mara tatu, akaleta tembo jeupe, safi. Akakipeleka kikombe mdomoni. Akayaona manyoya ya popo, na hayamo. Akakiweka kikombe chini.

"Siwezi, bibi."

"Chafu?"

"Safi, wallahi. Lakini siwezi."

Bi Radhiya akalitazama tembo, akamtazama yeye, pua kaikunja. "Kama wewe mgema halikupiti kooni, mie litanipita wapi? Rudi nalo, baba."

Wiki ile kotama akampa Nyange, asiye na kinyaa hata chembe, yeye akashika jembe la muhogo. Na asali ya Nyange ikinunuliwa Chake Chake yote. Mjaka akipita akawaona watu wanairamba, huinamisha kichwa na kutema mate.