Aili Kangas Hafungui Mlango

Kule Keweenaw, kaskazini kabisa mwa Michigan, ambako theluji hufukia madirisha ya chini, hakuna asiyelijua lori la rangi ya chungwa la Aili Kangas. Kwa lori hilo mama huyu amekwangua theluji barabarani miaka kumi na tisa. Kila alipomaliza zamu, aliandika kwenye ukurasa wake mtandaoni njia zipi zimefunguka na zipi bado. Hakuna aliyemtuma. Wauguzi waliusoma kabla ya kwenda kazini, na wazee wanaoishi peke yao waliusoma wajue kama dawa zao zitafika.

Aliyemtia uchungu ni Vern Tikkanen, mwalimu mstaafu aliyewahi kuwinda paa pamoja na Raymond, marehemu mume wa Aili. Alianza na mizaha: mwanamke na lori, wapi na wapi? Aili akacheka. Kisha ikawa kila siku: umenigongea sanduku la barua, umenirundikia theluji mlangoni. Aili akamjibu kwa adabu, leo, kesho, keshokutwa, hadi mapumziko yake ya mchana yakawa ya kujibu Vern, pai la nyama na viazi likimpolea mapajani.

Januari, Vern akaandika kwamba Raymond hakuuawa na ugonjwa wa moyo. Alijifia apumzike na mdomo wa mkewe. Watu tisa wakaweka alama ya kicheko.

Aili aliyasoma mara mbili. Safari hii hakujibu. Alibonyeza jina la Vern, akamzuia. Kisha akawazuia wale tisa, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayechambua maharage.

Marlys, dada yake mkubwa, akapiga simu. "Mdogo wangu, huko ni kukimbia. Watasema wamekuweza."

"Waseme, dada. Mimi sitawasikia."

Marlys hakuridhika, akaanza kumtumia jumbe thelathini kwa siku kuhusu kusamehe. Huyu Aili hakumzuia, damu ni damu. Alimnyamazisha tu, simu isilie, akawa anazisoma zote Jumapili baada ya kahawa. Mapenzi yao yakanawiri.

Jumamosi moja, kwenye chakula cha mchana cha samaki ukumbini mwa kanisa, Vern alimfuata hadi mezani, watu wanaona.

"Aili, umenipiga bloku?"

"Nimekupiga."

"Mimi nalipa kodi. Nina haki ya kujua habari za barabara yangu."

"Barabara yako naikwangua kila alfajiri, na nitaendelea kuikwangua. Ukitaka habari zake, pigia ofisi ya barabara. Ule ukurasa ni sebule yangu."

"Ulikuwa utani, mama wee. Raymond mwenyewe angecheka."

"Utani una mtani wake, Vern. Umemtania mtu asiyeweza kukurudishia."

Vern akatazama sahani za watu. "Basi, samahani. Haya, nifungulie."

"Samahani nimeipokea. Kukufungulia, hapana."

"Una roho ngumu wewe."

"Ninayo. Ndiyo inayoniamsha saa kumi nije kukutoa kwenye theluji."

Akavuta kiti, akaendelea na samaki wake.

Kufikia Machi, watu ambao hawakuwahi kuandika neno walianza kujitokeza kwenye ukurasa. Lempi Saari, mwenye miaka themanini na mitatu, aliuliza kama njia ya zahanati inapitika. Aliandika kwa makosa matupu, na hakuna aliyemcheka. Alijibiwa na watu wanne kabla Aili hajavua buti.

Vern naye ilisemekana kila asubuhi hummiminia mkewe kahawa na kumuuliza, "Yule bibi wa lori kaandika nini leo?" Mkewe humsomea. Wapo waliomshauri Aili amfungie na mke pia.

"Wa nini?" Aili akasema. "Yeye hajanikosea. Amsomee tu."