Kabla hujatia mafuta ya nazi kwenye kibodi yako, soma kwanza yaliyonikuta Mwananyamala

Wakuu, habari za humu ndani.

Wakubwa zangu, shikamooni, kama bado mmo. Wadogo na wajukuu, marahaba, hata wale ambao hamkunisalimia.

Juzi kuna kijana kaleta uzi kwamba kitufe cha A cha laptop yake kinanata. Akapewa ushauri wa kila namna. Mmoja akamwambia atie tone la mafuta ya nazi, eti kitalainika chenyewe, na watu wakamgongea like.

Nikacheka peke yangu hapa sebuleni. Kicheko kikaisha, nikabaki nimekaa tu.

Maana hicho kitufe nakijua. Ni A hiyohiyo, na mafuta ni hayohayo. Naleta kisa kizima kama kilivyokuwa. Mtakaosema nimetunga, ni chai, kunyweni, ila sukari sijaongeza.

Twende.

Ilikuwa miaka ya sabini, enzi za Ujamaa. Mimi binti mbichi kutoka Masasi, nimemaliza kozi ya kupiga chapa, nimepata kazi ya majaribio kwenye shirika moja la umma hapa Dar.

Kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi: taipureta ni kibodi na printa kwa pamoja, bila umeme. Kila kitufe kina mkono wake mwembamba wa chuma wenye herufi kichwani. Ukibonyeza, mkono unaruka, unagonga karatasi, unarudi kulala. Usiporudi, wa pili unaukuta njiani na inashikana kama mbuzi waliogombana kwa pembe.

Na hakuna delete. Ukikosea, unachomoa karatasi unaanza upya, huku msimamizi anakuangalia.

Mwisho wa majaribio kulikuwa na mtihani. Ukifaulu, unaajiriwa. Ukifeli, unafunga mzigo. Wakati ule kukaa Dar bila kazi haikuwa mchezo, watu walikuwa wanakamatwa mitaani na kurudishwa vijijini wakalime.

Kulima sikuogopa, jembe nimelishika tangu mdogo. Niliogopa kurudi kwa mama yangu. Alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni karani Dar es Salaam.

Ofisi ilinipa taipureta ndogo, kuukuu, ya kubeba kwenye sanduku, nifanyie mazoezi nyumbani. Na utaratibu wetu ulikuwa kwamba siku ya mtihani unakuja na mashine uliyoizoea.

Nyumbani kwenyewe ni chumba kimoja Mwananyamala, nyumba ya Kiswahili, vyumba vinatazamana, uani nyuma. Mwenye nyumba ni Bi Mwajuma, bibi wa Kizaramo, mjane, mrefu, si msemaji. Wapangaji wengine walikuwa familia na watoto wao.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na tabu yangu.

Nikitoka uani nakuta wanawake wanasukana, wanachambua mchele, gumzo limekolea. Nikitokeza mimi, gumzo linakatika.

"Karibu, karani."

"Starehe."

Basi. Kimya mpaka nimalize kuosha sufuria yangu niondoke. Nikishafika chumbani nasikia wameanza tena.

Nilikuwa mpweke, wakuu, wala nisizunguke. Jumapili ilikuwa inaweza kwisha mtu hajalitaja jina langu. Nilidhani ni lafudhi yangu ya kusini. Nikajifunza kusema maneno machache, na hayo machache nikayasema polepole.

Aliyebaki wa kuzungumza naye ni taipureta. Asubuhi kabla ya kazi, alasiri nikirudi, narudia taarifa ya mgao wa mbolea, ileile tuliyoambiwa itatoka kwenye mtihani, mpaka vidole vinauma. Na kitufe cha A kilikuwa kikavu, kigumu. Ninyi mnajua Kiswahili bila A hakiendi popote. Asubuhi nyingine kiligoma kabisa, nami nikaweka kichwa juu ya mashine nikalia.

Siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta kitufe laini kama siagi.

Nikamshukuru Mungu, nikapiga chapa mpaka jua likazama.

Kesho yake asubuhi kimenata. Si kile kigumu cha zamani, huu ulikuwa ugonjwa mpya. Mkono unapanda kivivu, ukifika juu haurudi, mpaka niushushe kwa kidole. Alasiri nakuta kimepona. Asubuhi kimenata tena.

Nikaanza kutafuta ubaya. Nikapuliza vumbi. Nikasugua kwa unyoya wa kuku. Nikatoa utepe wa wino nikaurudisha. Nikakaza kila skrubu niliyoiona, pamoja na moja ambayo nadhani haikuhitaji kukazwa.

Wapi.

Nikamweleza msimamizi wetu, mama mmoja mkali, miwani imening'inia kifuani. Akanitazama.

"Mashine haina asubuhi wala alasiri, binti. Mwenye asubuhi na alasiri ni wewe. Lala mapema."

Nikarudi mezani kwangu. Ila moyoni nikawa nimeshapata jibu langu: kuna mtu anaingia chumbani kwangu. Ufunguo wa ziada ulikuwa kwa mwenye nyumba, na watu wa mle hawanitaki. Wanataka nifeli niondoke. Nikaanza kuwatazama uani kwa jicho hilo, na hata lile "starehe" langu likapungua.

Mtihani ukakaribia.

Ilikuwa Julai, kipupwe, na mnaoishi Dar mnajua asubuhi za Julai. Jumapili hiyo nimeosha nywele, nachukua chupa yangu ya mafuta ya nazi, yameganda, meupe. Nikafanya kama anavyofanya kila mtu, nikaiweka chupa juani ukutani, nikakaa na kitana changu kusubiri.

Natazama chupa. Mafuta yanaanza kulegea pembeni. Yanakuwa maji.

Asubuhi yameganda, jua likipanda yameyeyuka.

Wakuu, niliruka.

Nikaileta taipureta uani, nikaipindua tumbo juu, nikapeleka kidole pale chini mikono ya chuma inapokutana. Kidole kikatoka na utando mweupe. Nikanusa.

Mlangilangi.

Mwanamke wa Pwani akitaka mafuta yake ya nywele yanukie huyatia maua. Mle ndani kila mtu alikuwa na yake, mwingine asumini, mwingine hana kitu kama mimi. Mlangilangi alikuwa anatia mtu mmoja tu.

Na mtu huyo, Bi Mwajuma, akatokea mlangoni saa ileile, kashika kopo la kuogea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeipindua? Imekataa tena?"

Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, na hayakuwa mazuri. Sijayatoa, akanitangulia.

"Nilikutilia mie mafuta," akasema. "Nakusikiaga asubuhi. Wagonga, wagonga, halafu kimya, halafu walia. Nikasema kitu hicho kimekauka, chataka mafuta tu. Wenzio wakanikataza."

"Walikukataza kwa nini, bibi?"

"Wanasema waandika majina yetu upeleke serikalini. Nani kaficha sukari, nani kaficha sabuni. Ndiyo maana ukitokea wananyamaza."

Nikakaa chini. Kumbe taarifa yangu ya mgao wa mbolea ndiyo iliyoniponza. Enzi zile bidhaa ni za foleni, kila mtu ana kifuko chake cha sukari uvunguni, halafu anaingia mgeni mwenye mashine anagonga asubuhi na alasiri. Hata ningekuwa mimi ningenyamaza.

"Na wewe hukuogopa?"

"Mtu anayeandika majina ya watu halii kila asubuhi."

Akainama, akaibonyeza A kwa kidole chake kirefu. Jua lilikuwa limeshapanda, kikaruka na kurudi vizuri.

"Si kimelainika?"

Alivyonitazama, wakuu, mngefanya nini?

"Kimelainika, bibi. Ahsante sana."

Nilisubiri aingie kuoga. Nikachukua mafuta ya taa kwenye jiko langu, unyoya na kitambaa, nikajifungia chumbani nikaisafisha mashine yote. Siku hiyo sikupika, mafuta ya taa nayo yalikuwa ya foleni. Kesho yake alfajiri A ikaruka na kurudi kama askari.

Sitawadanganya kwamba uani kulijaa upendo. Wengine waliendelea kuninyamazia mpaka nahama. Ila kuanzia siku ile Bi Mwajuma alikuwa anatandika mkeka nje ya mlango wangu alasiri, anasuka ukili, mimi nagonga. Hatuongei. Nikinyamaza kidogo anauliza, "Vipi?" Nasema, "Salama, bibi." Naendelea.

Siku ya mtihani nikaamka mapema, nikaenda kuoga. Narudi, namkuta kasimama mlangoni kwangu, anatabasamu, viganja vinang'aa.

"Nimekuongezea kidogo. Leo siku yako."

Nje baridi. Mtihani asubuhi. Kusafisha mbele yake siwezi, na muda hakuna.

"Niombee, bibi."

"Nimeshakuombea."

Nilifika ofisini kabla ya wote. Nikakaa kwenye ngazi za nje, upande linakopiga jua, nikaitoa taipureta kwenye sanduku nikaipakata. Nikawa naibonyeza A. Imenata. Naisukuma kwa kidole, naigeuzia jua, naipumulia. Wenzangu wanapita wananicheka, mmoja akauliza kama huyo mtoto bado ananyonya.

Waliponiita ndani ilikuwa bado inasuasua. Nikaanza taratibu, nikagonga A kwa adabu. Vidole vikapata moto, chuma kikapata moto, na katikati ya ukurasa ikaanza kukimbia kama wenzake. Na harufu ikatoka.

Msimamizi akasimama kati ya meza, akanusa juu, akanusa huku.

"Nani humu kajipaka mlangilangi kuja kwenye mtihani?"

Mimi nilikuwa namalizia mgao wa mbolea.

Nilifaulu. Mama yangu akapata cha kutangaza tena.

Sasa sikilizeni. Bi Mwajuma aliendelea kuitia mafuta ile mashine miaka yote niliyokaa pale. Kila akiona nimechoka, anaingia anatia. Kila Jumapili najifungia naosha. Hakuwahi kujua, na mimi sikuwahi kuchoka. Siku nikipindua mashine nikakuta imekauka, nilikuwa nanyong'onyea, kama mtu aliyepishana na mgeni wake njiani.

Alifariki wakati wa masika, nikiwa kazini. Nilimkuta ameshafunikwa. Wanawake wa uani ndio walionishika mkono siku ile, na mmoja wao akaniita kwa jina langu.

Jumapili iliyofuata sikuiosha taipureta. Kipupwe kilipoingia, A ikawa inanata asubuhi, nami nasubiri jua. Baadaye ofisi ikaleta mashine mpya, ile kuukuu ikachukuliwa pamoja na tone la mwisho la Bi Mwajuma.

Leo nipo Chamazi. Mume alishatangulia, watoto wako mbali, mmoja ndiye aliyeninunulia hii laptop ili tuonane kwenye video. Nyumba kubwa, saa ya ukutani naisikia nikiwa jikoni.

Wiki iliyopita, amini usiamini, kitufe cha A kikaanza kunata.

Basi kijana wa juzi, ushauri wangu ni huu. Zima kwanza. Ipindue, ikung'ute polepole. Chovya pamba kidogo kwenye spiriti, pitisha pembeni ya kitufe, acha ikauke. Ikishindikana peleka kwa fundi. Mafuta ya nazi weka kichwani.

Na funzo lingine, la bure: ukikuta kitu chako kimeharibika nyumbani, kabla hujafoka, uliza ni mkono wa nani na ulikuwa unataka nini.

Mimi yangu nimeipindua leo asubuhi. Kabla ya kuisafisha nikainusa, uzee huu una mambo. Haikuwa na harufu. Yalikuwa makombo ya biskuti yangu mwenyewe.

Sasa kibodi ni safi na A inaruka. Hapa kwangu hakuna wa kuitia mafuta.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye mtu nyumbani anayemharibia vitu kwa mapenzi, aje atusimulie. Hata kama ni kuniambia ni chai, andikeni tu. Nipo, nasoma zote.