Kidole Changu Kwenye Plasta

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef de Bureau, mkuu wa ofisi ya ukaguzi wa majengo, hakunipa hata kiti. Alinipeleka Cimpunda, mtaa wa hapa Bukavu, akanisimamisha mbele ya nyumba yenye rangi mpya, akauliza naona nini. "Nyumba ya muzuri, chef," nikajibu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mutoto, ile rangi ni nguo ya ndoa. Zunguka nyuma, angalia musingi."

Nyuma kulikuwa na ufa unaoingiza kidole. Hapo akanifundisha témoin, yaani shahidi: kibandiko cha plasta unachopaka juu ya ufa na kukiandikia tarehe. Plasta haivumilii kuvutwa. Kikibaki kizima baada ya mvua, nyumba imetulia. Kikipasuka, udongo bado unatembea na nyumba inaufuata. Mimi niliongeza langu: kabla plasta haijakauka, nabonyeza juu yake kidole gumba changu chenye kovu la kukatwa na mwiko wa uashi. Wenzangu waliniita Papa Muhuri, na sikukasirika.

Nilitumwa Luvungi, kwenye tambarare, ambako adui wa nyumba ni mchwa. Kisha nikarudishwa Bukavu chini ya Chef de Division, mkuu wa idara, mtu mkali aliyesoma ripoti zangu kwa kalamu nyekundu. Ndipo akanijia Maman Noella, muuguzi, mjane mwenye watoto wanne. Alikuwa ameuza shamba aliloachiwa na mumewe ili anunue nyumba ya mteremkoni katika mtaa wa Nguba. Hakuwa na shamba lingine.

"Papa, mukaguzi alishasema nyumba iko nguvu."

"Ule mukaguzi, nani alimuleta?"

"Komisioneri mwenye kuuzisha nyumba."

"Basi ule ni mukaguzi ya komisioneri, maman. Wako haujamupata."

Nilikuta nyufa tatu, nikaweka mashahidi watatu, nikamwomba asubiri mvua. Komisioneri, yaani dalali, alinuna, akasema kuna wanunuzi wengine. Maman alisubiri, ingawa kwa hofu.

Mvua zilinyesha kweli. Tuliporudi, mashahidi wote walikuwa wazima, na tarehe zao. "Muzee, unaona? Hata moja haikupasuka!" alisema komisioneri, akamkabidhi maman kalamu. Niliona nimemchelewesha mjane wa watu bure.

Kwa mazoea tu, nikaweka gumba langu kwenye alama ya kwanza. Likaingia. Ya pili, likaingia. Ya tatu, chini ya dirisha la jiko, ilikuwa pana kama kijiko, haina kovu.

"Bwana, hii kidole ni ya nani?"

Komisioneri aligeuka kuangalia ziwa lililo chini ya mteremko. Nikakwangua plasta ile kwa mwiko. Chini yake palikuwa na shahidi wangu, amekatika vipande viwili. Sitaficha furaha yangu: nilipiga kelele hata majirani wakatoka. Maman alirudisha kalamu.

Mvua zilizofuata, jiko lile liliteremka bondeni. Nashukuru Mungu hakukuwa na mtu ndani.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaonunua nyumba huniuliza wamchague mkaguzi gani. Nawaambia: umtafute mwenyewe, na akikwambia usubiri, usimnunie. Wasioamini nawatuma kwa Maman Noella, katika nyumba aliyonunua baadaye. Sebuleni mwake kuna kibandiko cha plasta nilichomwekea kabla hajainunua, kizima mpaka leo. Kila fundi wa rangi anapokuja, maman humsimamisha hapo.

"Paka ukuta yote, baba. Lakini pale kwenye kidole ya papa, usiguse."