Nilimliza Mama kwa Ajili ya Makumbusho

Kosa ni langu. Msinitafutie sababu, nimeshazitafuta mwenyewe nikakosa. Nilimdanganya mama yangu mzazi kwamba dada yake amefariki, ili alie, nimrekodi. Ndiyo, mmesikia vizuri!

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Natembeza wageni kwenye kituo cha utamaduni kando ya mto, huku kwetu Rungwe. Jina la kituo niachieni. Tuna makumbusho madogo: vyungu, mikuki, majembe ya zamani, ngoma. Siku moja mkuu wetu akasema wageni wamechoka kutazama tu, wanataka na kusikia. Mimi na kimbelembele changu nikadakia, "Nitaleta kilio cha msiba, kile cha akina mama wa zamani. Mama yangu hana mpinzani!"

Na kweli hana, Kyimo nzima wanajua. Mama akilia msibani, hata aliyefuata ubwabwa anaweka sahani chini.

Kwanza nilimwomba vizuri. Akanitazama kama anayemtazama mlevi.

"Nimlilie nani?"

"Yeyote tu, mama. Ni mfano."

"Kilio hakina mfano. Nikilia bila maiti, namwita nani?" Akaendelea kumenya ndizi zake.

Laiti ningeishia hapo! Lakini nilishajitapa kazini, kila asubuhi wananiuliza, kilio kiko wapi.

Mama mkubwa, dada yake pekee, alikuwa anaishi Matwebe na alikuwa anaumwa siku nyingi. Jumamosi moja mchana nikafika nyumbani, simu ndani ya mfuko wa sweta, inarekodi tayari. Nikasema, "Mama, mama mkubwa ametutoka."

Jamani! Beseni lilimponyoka. Alifunga kitenge kiunoni, akatoka mpaka migombani, akapiga yowe, "Mwe bandu!" anaita watu. Alimwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Akamkumbusha alivyombeba mgongoni kuvuka mto. Akamkumbusha gauni lao moja la kanisani, leo anavaa huyu, Jumapili ijayo yule. Na mimi, mtoto wa kuzaa mwenyewe, nilikuwa nasogea karibu ili sauti iingie vizuri!

Majirani walipoanza kuja na kuni, nikajifanya napokea simu. "Kumbe alizimia tu! Amezinduka!" Mama akapiga magoti pale pale kwenye tope akamshukuru Mungu. Halafu akachinja kuku, firigisi akanipa mimi, kwa kuleta habari njema. Nikaila.

Kazini nilisifiwa mbele ya wote. Kilio kikawekewa kitufe ukutani, mgeni anabonyeza, anasikia. Mwanzoni kabisa, kabla ya yowe, inasikika sauti yangu: "Mama, mama mkubwa ametutoka." Nilisema tuikate. Mkuu akasema iachwe, inanogesha.

Jirani yetu mmoja akaja kituoni na kwaya yao kutembea, akabonyeza. Jioni hiyo hiyo mama akanipigia.

"Siku ile ulikuwa unanirekodi?"

Nikaanza kumweleza habari za wageni.

"Kwa hiyo hakuzimia." Akakata simu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza.

Hata miezi miwili haikupita, mama mkubwa akafariki. Safari hii kweli. Nilikuwepo pale Matwebe, na binamu zangu wakanipa mimi kazi ya kumwambia mama.

"Mama, mama mkubwa amefariki. Naapa, leo ni kweli."

Akauliza, "Leo wanataka dakika ngapi?" Na simu akaizima.

Ningewaambia binamu zangu watume mtu wa kumfuata, angefika. Lakini wangeniuliza, kwa nini mama yako hakuamini? Nikaogopa aibu. Nikasema, "Yuko njiani." Uongo mwingine tena! Kesho yake walimsubiri mpaka mvua ikatanda, wakazika.

Mama alifika kaburi limeshafukiwa. Watu wa kanisa lake ndio waliomthibitishia, akaja mbio na pikipiki, miguu yote matope. Akasimama pale. Hakulia. Mama yangu, yule anayelilia misiba ya watu, hakutoa hata chozi.

Wanawake wakaanza kunong'ona. "Dada mtu halii. Ana nini moyoni?" Mtu wa huku anajua maneno hayo yanaishia kwenye uchawi. Niliyasikia, nikiwa nimeshika birika la chai. Nikaendelea kumimina.

Wiki iliyofuata mama alikuja kituoni, mara yake ya kwanza. Akakaa kwenye benchi bila kunisalimia.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Sauti yake ikajaa chumba kizima, hata mto hatukuusikia tena. Ilipoisha akasema, "Bonyeza tena." Wageni wakaingia, mmoja akaniuliza kwa upole, huyu anamlilia nani? Mama akamjibu bila kugeuka.

"Dada yangu. Nilimlilia mapema."

Sasa anakuja kila Jumamosi. Nilimwambia nitaomba kifutwe. Akasema, "Ukikifuta, nitakuwa sijamlilia kabisa." Kwa hiyo kipo. Siku nyingine wanabonyeza wageni, mara tano, mara kumi kwa siku, na kila mara naisikia kwanza sauti yangu mwenyewe, kavu, isiyo na wasiwasi, nikimuua mama mkubwa. Hata nikiwa nyumbani naosha vyombo naisikia. Mto ukivuma naisikia!

Binamu zangu, mkisoma hapa mtanijua. Mama hana kitu moyoni. Kilio chake nilikimaliza mimi, kabla ya siku yake. Nileteeni mimi hayo maneno yenu, yeye muacheni.

Na wewe mwenye simu mfukoni, unayetaka kuonekana una kitu ambacho wenzio hawana, nakuomba sana. Mama yako akishasema hapana, kaa chini umsaidie kumenya ndizi.