Macho Mekundu Kwenye Lantana

Mama yangu, mwaitu kwa Kikamba chetu, ndiye mwanamke pekee hapo kijijini Kola aliyewahi kupanda lantana kwa mikono yake. Lantana! Gugu ambalo wenzake waling'oa huku wakililaani. Walimcheka mpaka kanisani, na kosa lilikuwa langu.

Miaka ya tisini, bondeni kwetu kulikuwa na kichaka cha lantana, na ndani yake ndege wa makelele, wanaotembea kundi zima wakibishana kama kamati ya harusi. Mtaalamu wa ndege aliyepita kutoka Nairobi alimweleza mama kuwa wako aina mbili, wanafanana. Mwenye macho ya manjano na tumbo jeupe yuko tele, mpaka nchi jirani. Mwenye macho mekundu na manyoya ya mabakamabaka hapatikani popote ila Kenya, tena amebaki kidogo, kwa sababu vichaka anavyojificha vinafyekwa kila siku. Mama alimpenda huyo papo hapo. "Huyo ni wa kwetu kabisa," alisema.

Zamu yetu ya mwethya ikafika, kikundi cha kina mama wanaochimbiana matuta shambani. Tuta letu lilipaswa kupita kichakani. Mama akanituma: "Ingia ndani uangalie macho. Yakiwa mekundu nitawaomba waruke hapo, wanune wakitaka."

Mimi na nyoka wa kichakani, wapi! Nilisimama kando, nikahesabu mpaka mia, nikarudi. "Ya manjano, mwaitu." Kufika saa sita kichaka kilikuwa chini.

Jioni ndege walikaa juu ya udongo mbichi, hawana pa kwenda. Macho yao niliyaona vizuri. Mekundu. Mama naye aliyaona. Heri angenichapa. Mvua ilipokuja akapanda vijiti vya lantana pembeni mwa shamba, na ilipokatika nikavimwagilia maji bila kuambiwa.

Miaka ya elfu mbili nilikuwa nafanya kazi kiwandani Athi River, na macho ya mama yalikuwa yamefifia. Wikendi moja nikiwa nyumbani tukasikia makelele kwenye lantana yake. Akanishika mkono. "Ingia uangalie."

Niliingia kwa tumbo, miiba ikanichana sketi. Tumbo jeupe, macho ya manjano. Kumdanganya kuwa ni mekundu kulikuwa rahisi, na jamani, nilitamani.

"Ya manjano, mwaitu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Haya. Leo umeingia kweli."