Ijumaa Kuu Ambayo Baba Alikaa na Watu

Sikuwa na mpango wa kwenda kwetu Liuli, kando ya ziwa, kabla ya Pasaka. Padri ndiye aliyenipigia simu, Jumatatu ya Juma Kuu, nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu hapa Mbinga. Alizunguka sana. Akauliza mvua, akauliza watoto, mwisho akasema: "Mwalimu, sauti ya mzee imekwisha. Ijumaa Kuu uje uimbe wewe." Nikamuuliza kama baba anajua. Akakohoa. "Hilo, nadhani, ukimwambia wewe mwanawe litakuwa jepesi."

Wasiotoka kwetu niwaeleze. Katika kanisa letu la Kianglikana, habari ya mateso ya Bwana huimbwa Ijumaa Kuu. Mmoja huimba maneno ya Bwana, msimulizi huimba habari yenyewe, na waumini wote hupaza sauti ya umati. Baba yangu alikuwa msimulizi kwa zaidi ya miaka arobaini. Utotoni, dalili ya Kwaresima nyumbani kwetu ilikuwa baba kwenda alfajiri kwenye mawe ya ufukweni kufanya mazoezi, nami nikimshikia kitabu, huku mama akiwakataza wadogo zangu kupiga ngoma hata ya kopo. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba basi?

Jumatano asubuhi niliondoka Mbinga kwa basi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mibuni, na baridi ilikuwa ile inayowafanya watumishi waliohamishiwa huku kutoka pwani wavae makoti mawili. Siku hizi ni lami, kona juu ya kona hadi chini. Nilipokuwa mwanafunzi tulishuka huku juu ya magunia ya mahindi, siku nzima ndani ya lori, na wa kwanza kuliona ziwa alipiga kelele hadi dereva akajibu kwa honi. Safari hii nililiona mimi kwanza. Abiria wote walikuwa wanatazama simu zao, nikanyamaza. Nilisikitika kuliko nilivyotegemea.

Saa tano nilifika Mbamba Bay, jasho likinitoka. Pikipiki zilikuwepo, lakini niliketi kwa mama mmoja muuza chai nikanywa vikombe vitatu.

"Kaka, unamkimbia nani?" aliniuliza. "Mwenye safari hanywi chai hivyo."

"Naenda kwa baba, Liuli."

"Basi una kesi," akasema, akanijazia cha nne.

Kutoka hapo ni matope matupu wakati wa masika. Mara mbili mimi na dereva tulishuka kuisukuma pikipiki. Nilifika saa tisa, suruali imeloa hadi magotini.

Baba alikuwa barazani akiinyoosha kanzu nyeusi ya ibada kwa pasi ya mkaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Sauti ilikuwa mkwaruzo mtupu. Niliona pindo la kanzu limefumuka, nikadhani ni uzee, macho hayaoni. Maskini, anajiandaa, nilijiambia. Nikamuuliza habari za mvua.

Alhamisi Kuu niliamka nimeazimia. Asubuhi, tukimenya muhogo, nilifungua mdomo nikazungumzia paa la choo. Mchana nikazungumzia bata wake. Jioni padri, akiwaosha watu miguu kanisani, alinitupia jicho la kuuliza, nikatazama sakafu. Baada ya ibada ile kengele hunyamaza hadi Pasaka. Mtu hupita akigonga ubao kuwaita waumini, na tangu utoto mlio ule mkavu hunitia simanzi.

Ijumaa Kuu asubuhi tulikuwa tumefunga, hata chai hapana. Nilimfuata baba uani. "Baba, kuhusu leo…"

Hakuniacha nimalize. Aliingia ndani, akatoka na ile kanzu, akanivika. Ilinifika sawasawa kwenye vifundo vya miguu, na mimi ni mrefu kuliko yeye.

"Nimelishusha pindo tangu padri alipoanza kunikwepa," alisema. "Ameshindwa kuniambia tangu Jumatano ya Majivu. Kila akija anawasifu bata wangu. Na wewe jana ukaanza na bata hao hao!"

Nilicheka, kisha machozi yakanilenga. Nikamuuliza yeye atakaa wapi.

"Na watu. Mimi si mtu?"

Saa tisa alasiri kanisa lilikuwa limejaa. Madhabahu ilikuwa tupu, misalaba imefunikwa kitambaa cha zambarau. Nilianza kuimba. Tulipofika kwa Pilato, umati ukajibu, "Msulubishe!" Na nyuma ya sauti zote, imechelewa, peke yake, ikatoka sauti ya mkwaruzo: "Msulubishe!" Nilimwona, benchi la tatu upande wa ziwa, shingo imemtoka mishipa. Nikashindwa kuendelea. Padri alidhani nimepotea, akaniwekea kidole kwenye mstari. Nikaendelea hivyo hivyo. Pale Bwana anapokata roho, kila mtu hupiga magoti kimya. Baba alichukua muda mrefu kushuka, na kanisa zima likamngoja.

Tukirudi nyumbani, alisimama tulipofika kwenye yale mawe ya ufukweni.

"Miaka yote nimeimba habari za watu wale nikiwa nimesimama mbele," alisema. "Nilikuwa nawahesabu waovu. Sikuwahi kupiga kelele nao. Leo nimepiga." Akapumua. "Ni rahisi, mwanangu. Inatoka yenyewe."



Jumapili ya Pasaka kengele ililia, na baba akamkaribisha padri nyumbani. Alimchinjia bata mmoja kati ya wale aliowasifu. Padri alikula ameinamisha kichwa.

Jumatatu nilirudi Mbinga kwa njia ile ile, nikimfikiria baba kona zote za kupanda. Nilikwenda nikidhani namvua mzee heshima yake, na kwa siku mbili nilimwonea huruma, kumbe mimi ndiye niliyekuwa sioni. Mwaka ujao nitakwenda tena kuimba, nikijaliwa. Na siku sauti yangu nami itakapokwisha, wasiniletee mtu wa kunibembeleza. Wanisogezee nafasi tu benchi la tatu, katikati ya wapiga kelele wenzangu.